Picha za bibi, ndege za mdogo wangu: kompyuta ya nyumbani imetoka wapi?

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita nilikwenda Kariakoo na mdogo wangu kununua kompyuta. Si ya ofisini wala ya kuandikia habari. Ya nyumbani. Mama ana kopo la biskuti lililojaa picha, nyingine za miaka ya sitini, na anataka ziingizwe kwenye kompyuta kabla unyevu na mende havijazimaliza. Mdogo wangu yuko kidato cha nne na anaota urubani. Anataka kurusha ndege kwenye kioo, na hataki gemu za kufyatua risasi. Anataka zile programu ambazo unawasha injini mwenyewe, unaongea na mnara, na ukikosea unaanguka. Pesa ilikuwa ya kompyuta moja.

Muuzaji akatuuliza swali ambalo wauzaji wote huuliza: "Sista, ya kazi gani?"

Mimi nikasema picha. Dogo akasema ndege. Tulisema kwa wakati mmoja. Jamaa akacheka, akatuambia hizo ni kompyuta mbili.

Swali lake niliondoka nalo. Nikaanza kusoma, na nimegundua kwamba historia nzima ya kompyuta ya nyumbani ni watu kujibu swali hilo hilo: ya kazi gani?

Tuanzie kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Gharama zilikuwa kubwa, wataalamu wazalendo walikuwa wachache, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu.

Tumezoea kuucheka uamuzi ule. Mimi siku hizi sicheki sana. Kwa waliokaa mezani mwaka ule, jibu la "ya kazi gani" lilikuwa moja tu: hesabu. Kama hesabu zenyewe zinaharibika, mashine ya nini? Hakuna aliyekuwa na sababu ya kufikiria kopo la picha la mama fulani, wala mwanafunzi anayeota ndege.

Lakini mwaka uliofuata tu, 1975, vijana wawili Marekani, ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja, walianza kulibadilisha jibu.

Wa kwanza ni Bruce Artwick, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, ambaye mwenyewe alikuwa akirusha ndege. Aliandika tasnifu kuhusu namna ya kuichorea kompyuta kile anachokiona rubani angani, mchoro ukibadilika kadiri ndege inavyogeuka. Wa pili ni Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, mjini Rochester, jimbo la New York. Alikuwa na miaka 25. Alichukua lenzi ya kamera ya sinema, betri 16 na kipande cha elektroniki chenye vihisio vya mwanga 100 kwa 100, akaunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6. Picha moja, nyeusi na nyeupe, ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Ndiyo, kaseti kama zile za muziki! Ukitaka kuiona, unaipeleka kaseti kwenye mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni. Sisi Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994.

Wakubwa wa Kodak hawakuichangamkia kamera ile. Wao walikuwa wanauza filamu.

Kwa hiyo ndege ndiyo iliyoingia majumbani kwanza. Artwick alianzisha kampuni iliyoitwa subLOGIC mwaka 1977, na mwanzoni mwa 1980 programu yake ya kurusha ndege ikaanza kuuzwa kwa wenye kompyuta za Apple II. Ilitosha kwenye memori ya kilobaiti 16. Picha moja unayotumiwa kwenye simu leo haitoshi humo. Ardhi ilikuwa mistari, milima ilikuwa mistari, na mchoro ulisogea kwa kurukaruka kama chura. Watu wakainunua hata hivyo.

Microsoft wakaona. Novemba 1982 wakatoa Flight Simulator kwa ajili ya kompyuta ya IBM, iliyokuwa imeingia sokoni mwaka mmoja tu kabla. Na hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Wakati ule kampuni nyingi zilianza kutengeneza kompyuta za kuigiza IBM kwa bei nafuu, na kila moja ilidai ya kwake inafanana na IBM kwa asilimia mia. Utajuaje kama ni kweli? Wanunuzi na waandishi wa magazeti walikuwa na programu mbili za kupimia. Moja ilikuwa Lotus 1-2-3, ya mahesabu, iliyotoka 1983. Ya pili ilikuwa ile ya ndege.

Sababu yake ni ya kiufundi lakini ni nyepesi. Programu nyingi ziliomba kila kitu kupitia mfumo endeshi, kama mgeni anayebisha hodi. Programu ya ndege haikuwa na muda wa hodi. Ilijiwasha yenyewe kutoka kwenye diski na kwenda moja kwa moja kwenye vyuma. Kama vyuma vilitofautiana na vya IBM hata kidogo, ndege haikuruka. Kwa maneno mengine, mhasibu wa mwaka 1984 aliyetaka mashine ya kazi angeweza kuipima kwa kutazama kama inarusha Cessna. Kitu walichokiita mchezo kikawa mizani ya dukani.

Picha zilichelewa, na kilichozichelewesha ni nafasi. Ngoja tufanye hesabu kwa picha za mama. Picha ya kawaida ya studio, sentimita 10 kwa 15, ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi unapata nukta zaidi ya milioni nane. Kila nukta ya rangi inataka baiti tatu. Hiyo ni kama megabaiti 25 kwa picha moja. Diski laini zile tulizokuwa tukibeba mfukoni zilichukua megabaiti 1.44. Ungehitaji karibu 20 kwa picha moja ya harusi!

Mkombozi alikuja 1992, pale ulipopitishwa mtindo wa kuhifadhi picha unaoitwa JPEG. Unaikata picha katika vipande vya nukta nane kwa nane, halafu unatupa yale ambayo jicho la binadamu haliyaoni vizuri, hasa mabadiliko madogo madogo ya rangi. Megabaiti 25 zinaweza kushuka hadi tatu au chini ya hapo, na wewe usione tofauti. Ila kilichotupwa kimetupwa, na kila ukiibadilisha picha na kuihifadhi upya, kinatupwa kingine. Ndiyo maana wenye busara huiacha nakala ya kwanza bila kuigusa.

Mwaka 1997 Sony wakauza kamera za Mavica zilizoandika picha moja kwa moja kwenye diski laini. Unaitoa diski kwenye kamera, unaiingiza kwenye kompyuta, basi. Kwa mara ya kwanza mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta aliweza kusema "mimi nataka ya picha".

Sasa tumrudie muuzaji wetu. Je, ni kweli ni kompyuta mbili? Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Picha inakusubiri. Ukiifungua na mashine ikachukua sekunde tano, umekasirika, lakini picha ni ile ile. Inachotaka ni diski kubwa, memori ya kutosha na kioo kisichodanganya rangi. Ndege haisubiri. Ili macho yaone mwendo laini, mashine inatakiwa kuchora dunia upya kama mara 30 kila sekunde, na kabla ya kila mchoro ikokotoe upepo, uzito, mwendo na pembe ya bawa. Hiyo inataka prosesa yenye kasi na kadi nzuri ya michoro. Pesa uliyoiweka kwenye kadi hujaiweka kwenye diski.

Wanunuzi wa ndege waliwahi kuumia vibaya mwaka 2006. Miaka ya mwanzo ya karne hii kasi ya prosesa ilikuwa ikipanda kila mwaka. Pentium 4 ilianza na gigahezi 1.5 mwaka 2000 ikafika 3.8 mwaka 2004. Watu wengi waliamini itaendelea hivyo hivyo. Lakini joto likawa kubwa mno. Mei 2004 Intel wakaachana na prosesa iliyokuwa irithi ile, wakageukia njia nyingine: kuweka viini viwili au zaidi ndani ya prosesa moja, kila kimoja kikiwa na kasi ya wastani. Flight Simulator X ilipotoka Oktoba 2006, ilikuwa imeandikwa kwa dunia ya zamani. Ilitegemea zaidi kiini kimoja, chenye mbio. Watu wakanunua mashine mpya za bei kubwa, ndege zikatambaa, na kiini cha pili kimekaa bure. Marekebisho ya kutumia viini zaidi yalikuja 2007. Funzo ninalolichukua mimi ni kwamba usinunue kompyuta kwa ahadi za miaka ijayo. Nunua kwa programu unayoijua, iliyopo leo.

Lakini kuna jambo lililonifanya niache kusoma nikakaa kimya. Kwa miaka mingi, ukiwasha Flight Simulator unajikuta kwenye uwanja mdogo kando ya ziwa mjini Chicago, unaoitwa Meigs. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani waliujua uwanja ule kama uwanja wa shule yao. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 2003, meya wa Chicago, Richard M. Daley, alipeleka matingatinga yakachimba alama za X kwenye njia ya kurukia. Ndege 16 zilikwama pale. Leo ni bustani. Anayetaka kutua Meigs anaweza kutua kwenye kompyuta tu. Programu ya ndege ikawa albamu, kama kopo la mama.

Na picha nazo zikawa ndege. Flight Simulator iliyotoka Agosti 2020 haikuchorwa kwa mkono kama za zamani. Dunia yake imejengwa kwa picha za setilaiti na za angani, zaidi ya petabaiti mbili, zinazoletwa kupitia intaneti wakati unaruka. Programu inazisoma picha zile na kuotesha majengo bilioni 1.5 juu yake. Memori ya chini kabisa inayotakiwa ni gigabaiti 8, yaani zaidi ya mara laki tano ya ile ya Artwick. Kwa hiyo yale mambo mawili ya mwaka 1975, moja la rubani na moja la mpiga picha, yamekutana kwenye mashine moja. Kodak hawakuwa washindi wa safari hiyo. Januari 2012 waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao.

Basi tulinunua nini? Kabla sijasema, niungame. Mwaka 2012 nilikuwa na picha zote za Krismasi ya mwisho ya bibi kwenye laptopu yangu. Iligoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi, akaiwasha kweli, kwa kufuta kila kitu. Sikumwambia mna nini humo, naye hakuuliza. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Za miaka ya sitini, za karatasi, zimepona ndani ya kopo la biskuti. Zangu za dijitali, za juzi tu, hazipo.

Kwa hiyo nilipokaa na dogo kugawa pesa, nilimwambia ukweli: ndege ikianguka unaanza upya, picha ikipotea hakuna kuanza upya. Tukachukua mashine iliyotumika, prosesa ya wastani, memori gigabaiti 16, kadi ya michoro ya kawaida, na diski mbili za nje. Ile ya 2020 tumeiacha kwanza, maana inataka kadi na intaneti kuliko uwezo wetu. Anaruka na Flight Simulator X ya zamani, ile iliyorudishwa sokoni 2014, na kwenye mashine ya leo inakwenda vizuri kabisa. Alinuna siku mbili. Ya tatu alikuwa akinionyesha jinsi ya kuondoka Dar na kutua Unguja. Mpaka sasa ameiangusha Cessna maeneo ya Pugu mara saba.

Jioni, akishamaliza, mama anakaa kwenye kiti kile kile, anaskani picha tano au sita na kuandika majina ya waliomo. Diski moja inabaki nyumbani. Ya pili tunaipeleka kwa shangazi Morogoro mwisho wa mwezi. Kama nanyi mna kopo kama hilo, msingoje kompyuta kubwa. Anzeni na mliyonayo, na nakala ziwe mbili.