Kwinini au mitaro? Ugomvi wa mbu Dar es Salaam

Tarehe 20 Agosti dunia huadhimisha Siku ya Mbu, kumkumbuka Ronald Ross, ambaye siku hiyo mwaka 1897 aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu kule Secunderabad, India. Sisi wa Msasani Bonde la Mpunga, Dar es Salaam, nasi tuna haki ya kuikumbuka. Mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa hapahapa Dar es Salaam, akipima damu za wagonjwa wa homa.

Kisa hiki nakitegemeza kwenye kitabu cha daktari David Clyde cha mwaka 1967 kuhusu malaria Tanzania. Ross alitaka maji yakaushwe, viluwiluwi wafe. Koch alitaka binadamu watibiwe, ili mbu akose pa kuvichukua vimelea. Dar ikawa uwanja wa majaribio. Kuanzia 1901 msaidizi wa Koch, Ollwig, aliendesha kampeni ya kupima damu nyumba kwa nyumba na kugawa kwinini, dawa chungu kama shubiri. Lakini huu ni mji wa bandari: unamtibu huyu, kesho anashuka mwingine na vimelea vyake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuja Orenstein, aliyepigana na mbu Panama wakati mfereji unachimbwa, akaukosoa mpango ule. Mbu wenyewe walikuwa wameachwa wazaliane!

Nakubaliana naye kabisa.

Baada ya vita, Waingereza walichimba mitaro na kumwaga mafuta kwenye madimbwi. Kati ya 1988 na 1996 Japani ilifadhili usafishaji wa mitaro. Fedha zilipokwisha, taka zikarudi. Mwaka 2004 wakazi wa mitaa walianza kufundishwa kukagua madimbwi, wakichota maji kwa upawa: kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, cha Kyuleksi huning'inia kichwa chini. Mwaka 2006 jirani zetu wa Mikocheni walikuwa miongoni mwa kata tatu za kwanza kunyunyiziwa bakteria wanaoua viluwiluwi.

Si malaria tu: homa ya dengue ya 2014 iliitikisa Kinondoni kuliko wilaya nyingine za jiji. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye matairi na vyungu vya maua, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Viuadudu vya kuua viluwiluwi vinatengenezwa Kibaha, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zivinunue. Mitaro iliyozibwa na chupa za plastiki haiwezi kusubiri mfadhili mwingine. Halmashauri itenge fedha zake yenyewe, kila mwaka, kabla ya masika.