Magendo ya kahawa (Karagwe na Kyerwa)

Uvushaji wa kahawa ya robusta bila kibali wala ushuru kutoka wilaya hizi za Mkoa wa Kagera, Tanzania, kwenda Uganda. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Mto Kagera ndio mpaka: Murongo upande wa Tanzania, Kikagati ng'ambo, Uganda. Kote chakula ni ndizi, na Mnyambo wa Karagwe husikilizana na Mnyankole wa Uganda bila mkalimani. Kinachowatenga ni soko. Uganda ilivunja ukiritimba wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnunuzi binafsi hulipa taslimu. Tanzania, tangu 2018, mkulima hupeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi (AMCOS), chini ya chama kikuu kama KDCU, na malipo yamewahi kuchelewa. Mwenye ada ya shule ya kulipa hasubiri. Wengine huuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo butura, iliyopigwa marufuku lakini haijafa. Doria hukamata magunia, si sababu ya magendo.

Umeme umepata mwafaka mapema kuliko kahawa: wa mtambo wa Kikagati–Murongo, megawati 14, hugawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi hizi mbili.