Kicheko cha Kashasha

Nimelea wasichana bwenini miaka mingi. Usiku wa mayowe naujua: mmoja anaanguka, kumi wanafuata, alfajiri mama yuko getini na kanga mkononi, anamtaka mwanawe. Mkuu anasema daktari, mama anasema shehe. Mimi nilikuwa upande wa mama, mara nyingi.

Ndiyo maana shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, hainitoki. Januari 30, 1962, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Shule ilipofungwa Machi 18, walikwisha kupatwa 95 kati ya 159. Vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Watoto wakarudishwa kwao, kicheko kikazuka Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao. Mei 21 shule ilifunguliwa. Mwishoni mwa Juni ikafungwa tena.