Urari Tuli: Mkono wa Roboti Usiobebeshwa Uzito Wake

Magharibi mwa Doha, kwenye barabara iendayo Dukhan, upo uwanja wa mbio za ngamia wa Al Shahaniya. Msimu wa baridi ngamia hukimbia hapo na mgongoni wamebeba mashine ndogo iliyovishwa rangi za mwenye ngamia. Kando ya uzio magari hukimbia sambamba nao. Mwenye ngamia akibonyeza kitufe cha rimoti, mkono wa mashine huzungusha fimbo. Akisema kwenye redio, ngamia huisikia sauti yake. Mashine hizo ziliingia uwanjani kwa sababu nzito. Kabla yake wapandaji walikuwa watoto wadogo, wengi wao waliotolewa Sudan, Mauritania, Pakistan na Bangladesh, wakitafutwa kwa kuwa ni wepesi. Mwaka 2005 Qatar ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria, na kampuni ya Uswisi iitwayo K-Team iliunda roboti za kushika nafasi ya watoto hao.

Roboti za mwanzo zilikuwa nzito. Leo zinazotumika sana zina kilo 2 au 3, na nyingi huendeshwa na mota ya drili ya kawaida. Lakini kilo hazikuwa tatizo pekee. Lilikuwapo pia suala la mahali kilo hizo zilipokaa. Mashine iliyo juu ya nundu ikielemea upande mmoja huvuta tandiko upande huo. Fimbo inayozunguka, kama hakuna kitu upande wa pili cha kuipinga, huitikisa mashine nzima kila inapomaliza mzunguko. Anayeunda mkono wa roboti, kibano chake au kifaa cha kurudisha hisia mkononi mwa mtu hukutana na suala hilo hilo, na jibu lake lina jina katika uhandisi. Waingereza husema “static balance”. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme urari tuli.

Maana yake ni hii: chombo chenye maungio kina urari tuli kikiwa kinabaki pale pale ulipokiacha, katika kila mkao, bila mota, breki wala mtu kukishikilia. Uzito wa istilahi umo katika maneno “kila mkao”. Jiwe lililolala sakafuni limetulia, ila limetulia mahali pamoja tu. Mkono wenye urari tuli hauna mkao unaoupendelea: uuinue, uushushe, uulaze, utabaki hapo, na nguvu utakayotumia kuusogeza ni ya kushinda msuguano na kuuondoa katika kutulia kwake, basi.

Mfano ulio karibu uko kwenye mageti ya Doha, kwenye maegesho ya magari na makazi ya wafanyakazi, ambako Wakenya na Waganda wengi wamepata kazi ya ulinzi. Mti wa kizuizi huwa na urefu wa mita kadhaa, lakini umeme ukikatika askari hufungua mota kwa ufunguo na kuuinua mti kwa mkono mmoja. Ndani ya kile kisanduku cha chuma mna springi iliyokazwa kulingana na urefu wa mti. Vizuizi vya barabarani vya kukagua mazao nchini Tanzania vilifanya kazi hiyo hiyo kwa jiwe au debe la zege lililofungwa kwenye kitako cha mti. Jiwe na springi ndizo njia mbili kuu za kuleta urari tuli, na kila moja ina gharama yake.

Tuchukue mkono wa roboti wa kilo 5, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 40 kutoka kwenye egemeo. Ukinyooshwa ulalo, uzito huo hulizungusha egemeo kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 19.6. Mota isiyosaidiwa lazima itoe nguvu hiyo hata pale mkono unapokaa tu bila kazi, na hapo inakula umeme na kupata joto bure. Sasa tuweke upande wa pili chuma cha kilo 10, sentimita 20 kutoka kwenye egemeo. Kilo 5 mara 40 ni 200. Kilo 10 mara 20 ni 200. Pande zimelingana, na zitalingana mkono ukiwa juu, chini au ulalo, kwa sababu pande zote mbili hupungukiwa na kuongezeka kwa kiasi kimoja.

Gharama yake inaonekana haraka. Mashine iliyokuwa kilo 5 imekuwa kilo 15, na egemeo linabeba zote. Ukaidi wa mkono wa kuanza kwenda na wa kusimama nao umeongezeka kwa karibu nusu, kwa kuwa chuma kile lazima kitembee kila mkono unapotembea. Ukikisogeza karibu zaidi na egemeo, sentimita 10, ukaidi huo unapungua, lakini sasa utahitaji kilo 20. Kwa mashine inayobebwa mgongoni na mnyama anayekimbia, hesabu hiyo haikubaliki. Kwa roboti ya kiwandani iliyofungwa sakafuni, huenda ikafaa kabisa.

Springi haiongezi uzito wa maana, ila inadai akili. Nguvu ya uzito kwenye egemeo hubadilika kadiri mkono unavyoinuka: ulalo ni kubwa, wima ni sifuri. Springi lazima ibadilike kwa mpangilio ule ule. Hesabu inaonyesha kuwa springi inayofungwa moja kwa moja kwenye mkono huliweza hilo kikamilifu ikiwa ya aina moja tu, ambayo nguvu yake inalingana na urefu wake wote, kana kwamba ikiachwa huru ingejikunja hadi urefu wa sifuri. Ukiifunga springi kama hiyo sentimita 10 juu ya egemeo na sentimita 10 kwenye mkono wetu wa kilo 5, utahitaji iwe na ugumu wa nyutoni 19.6 kwa kila sentimita, na mkono utatulia popote. Springi halisi ina mwili wenye urefu, kwa hiyo wahandisi huuficha mwili huo nyuma ya kapi na kuacha waya tu ndio uonekane kati ya ncha mbili. Njia nyingine ni kuikaza springi tangu inaposokotwa. Lucien LaCoste wa Texas alitumia springi ya namna hiyo katika miaka ya 1930 kuunda kipimo cha mawimbi ya ardhi na baadaye cha mvutano wa dunia. Katika miaka hiyo hiyo George Carwardine, mhandisi wa springi za magari nchini Uingereza, aliomba hataza ya taa ya mezani iliyokuja kuitwa Anglepoise. Mwaka ulikuwa 1932, na mkono wa taa ile ni babu wa mikono mingi ya roboti ya leo.

Urari tuli unapendeza zaidi pale mkono wa mtu unapoingia kati. Vipo vifaa ambavyo mtu huvishika, na mota zake humrudishia hisia ya kitu kilicho mbali au kilichochorwa na kompyuta: ugumu wa mfupa, ulaini wa nyama, ncha ya sindano inapopenya ngozi. Mwaka 1994 Thomas Massie na Kenneth Salisbury wa MIT, Marekani, walieleza kifaa chao kilichoitwa Phantom. Mtumiaji aliingiza ncha ya kidole ndani ya subana, na kompyuta ikakisukuma kidole pale kilipogusa kitu ambacho hakipo. Kifaa kiliweza kusukuma kwa nyutoni 10, lakini msuguano wake haukufika nyutoni 0.1. Siri yake moja ilikuwa urari. Mota mbili kati ya tatu ziliwekwa upande wa pili wa egemeo, zikawa zenyewe ndizo uzito wa kupinga, hivyo hapakuhitajika chuma cha ziada. Kifaa kisicho na urari kikitaka kukupa uzito wa yai la gramu 60 huku chenyewe kinaelemea kidole kwa gramu 500, hutalisikia yai. Utakisikia kifaa.

Suala hilo si la maabara tu. Hospitali Kuu ya Hamad jijini Doha hufanya upasuaji kwa mfumo wa roboti wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000. Daktari hukaa kwenye kiti chake pembeni na kushika vishikio viwili. Mikono ya roboti huingiza ndani ya mwili vifaa vyembamba, vingi vikiwa na unene wa milimita 8. Kama vishikio vingeelemea vidole vyake kwa saa tatu, mkono ungechoka na kuanza kutetemeka. Kama mikono ya roboti ingetegemea mota peke yake, bila urari wala breki, siku umeme ukikatika ingeanguka juu ya mgonjwa. Kwa miaka mingi mfumo huo haukumrudishia daktari hisia ya nguvu. Alijua nyuzi zimekazwa kiasi gani kwa kuziangalia. Toleo lililoidhinishwa mwaka 2024 limeanza kurudisha hisia hiyo, na kadiri hisia inavyokuwa ndogo na muhimu, ndivyo urari unavyohitajika kuwa safi.

Kibano, yaani sehemu ya roboti inayoshika, kinatuonyesha upande mwingine wa istilahi hii. Vibano vya upasuaji wa tundu dogo vilivyozoeleka hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya daktari kwenye msuguano wa pini zake. Just Herder, aliyetetea tasnifu yake huko Delft, Uholanzi, mwaka 2001, alishughulikia vibano hivyo pamoja na mikono ya bandia. Vibano vingine hutengenezwa kwa kipande kimoja kinachopinda, bila pini wala bawaba. Havina msuguano, lakini kule kupinda kwenyewe kunavuta kurudi, na vidole vya daktari hupambana na kibano kabla ya kuifikia nyama. Dawa yake ni springi nyingine iliyopangwa ili isukume pale kibano kinapovuta, mpaka pande zote zifutane. Hapo mvutano wa dunia haumo kabisa, lakini bado tunasema kuna urari tuli.

Ndiyo maana tafsiri kama “kufidia uzito” haitoshi. Inaeleza mkono wa roboti, inakiacha kibano. “Usawa” ni pana mno: kuna usawa wa kijinsia, usawa wa bahari, na mstari ulio sawa. “Uthabiti” unaelekeza kinyume cha tunachotaka, maana kitu thabiti ukikisukuma hurudi mahali pake, wakati mkono wenye urari haurudi popote. “Balansi” inajulikana kwa kila fundi wa gereji, na anayesema “kubalansi tairi” anaeleweka vizuri. Lakini tairi lina suala la ziada, la kuyumba likizunguka kwa kasi. Suala hilo limo pia katika fimbo ya roboti ya ngamia, na jibu lake tunaweza kuliita urari mwendo.

“Urari” tayari lina kazi katika lugha. Mwanafunzi wa sekondari amelisikia katika urari wa vina na mizani. Mhasibu analitumia pande mbili za hesabu zinapokubaliana, na gazeti huandika urari wa biashara. Kote huko neno linasema jambo moja: pande mbili zimepimwa, zikalingana kwa makusudi. “Tuli” nalo limezoeleka katika umeme tuli. Kitenzi kitabaki kusawazisha, au kuleta urari. Kwa vifaa vya kurudisha hisia, tusiseme “vifaa vya mguso” tu, kwa sababu simu zimeshachukua “skrini ya mguso”, ambapo mtu hugusa bila kurudishiwa kitu. “Vifaa vya mrejesho wa mguso” vinaeleza kazi yake.

Neno hili liwafikie walio karibu na mashine zenyewe: wanafunzi wa ufundi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mafundi wa vifaa vya hospitali, na vijana wetu wanaofanya kazi Ghuba na kurudi na ujuzi. Anayesoma maelezo ya mkono wowote wa roboti ana haki ya kuuliza mambo matatu. Urari wake umeletwa na nini: chuma, springi au uzito wa mota? Unadumu katika mikao yote, au baadhi tu? Na umepangwa kwa mzigo gani, maana mkono wenye urari ukiwa mtupu huupoteza mara tu kibano kinapobeba kitu? Mtengenezaji asiyeweza kujibu maswali hayo kwa Kiswahili chepesi hajamaliza kazi yake, kwa sababu atakayeshika mashine hiyo, au atakayelala chini yake, anategemea majibu hayo.