Kwa nini mapango huwatatiza waundaji wa michezo ya kompyuta

ANAYEJIFUNZA kuunda michezo ya kompyuta kwa kujifurahisha aghalabu huanza na milima. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Huchukua picha ya kijivu ambamo kila nukta inawakilisha kimo cha mahali pamoja, nyeupe ikiwa kilele na nyeusi bonde, kisha huiamuru programu iunganishe vimo hivyo kwa pembetatu. Masaibu huanza siku anapotaka mchezaji aingie pangoni.

Ramani hiyo ya vimo huhifadhi nambari moja tu kwa kila mahali. Pango linahitaji tatu: kimo cha sakafu, cha dari, na cha ardhi iliyo juu ya dari. Hizo mbili zilizosalia hazina pa kuandikwa. Ukilazimisha mambo kwa kushusha nambari iliyopo, utapata kisima wala si pango.

Kwa mwenye mapango mawili matatu, mwandishi huyu angependekeza kutoboa. Pembetatu zilizo mlangoni huondolewa, na nyuma yake hupachikwa umbo la pango lililochongwa kando kwa programu kama Blender. Kingo za tundu, ambazo hutokea zikiwa na pembe kama za ngazi, hufichwa kwa mawe na vichaka.

Hata hivyo, kutoboa picha si kutoboa ardhi. Sehemu ya programu inayoizuia miguu ya mchezaji isizame hutegemea vimo vile vile. Isipoarifiwa kuhusu tundu, mchezaji atasimama hewani juu ya shimo analoliona waziwazi. Mabaya zaidi, akiwa ndani ya pango programu huuliza kimo cha mahali hapo, ikajibiwa kwa kimo cha mlima, na ghafla mchezaji akajikuta kileleni.

Anayetaka ardhi inayochimbika popote hana budi kuiacha ramani ya vimo. Ardhi yote hugawanywa katika vijisanduku viitwavyo vokseli, kila kimoja kikieleza iwapo ni jiwe au hewa. Mchezo wa Minecraft, ambao Markus Persson wa Sweden aliutoa kwa umma mwaka wa 2009, uliwavuta wengi kwenye njia hii. Gharama yake si haba. Eneo la nukta 512 kwa 512 lina vimo 262,144. Likipewa kina cha 512, vokseli hufika 134,217,728. Hata kila moja ikitengewa baiti moja tu, hizo ni megabaiti 128. Ndiposa ulimwengu wa mchezo hukatwa vipande, vikawekwa kwenye kumbukumbu vile vilivyo karibu na mchezaji pekee.

Asiyependa ardhi ya masanduku hutumia mbinu iliyochapishwa mwaka wa 1987 na William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric. Wao walikusudia kuchora viungo vya mwili kutokana na picha za hospitalini. Mchemraba una pembe 8, na kila pembe huwa ama ndani ya jiwe ama nje. Hivyo kuna hali 256, na jedwali huonyesha pembetatu za kuchorwa katika kila hali. Kwa kinaya, jedwali la awali lilikuwa na hali tata zilizoacha matundu ambayo hakuna aliyeyataka. Anayenakili jedwali sharti ahakikishe ni lile lililorekebishwa.

Mapango yenyewe huzalishwa kwa hesabu za Ken Perlin, alizochapisha mwaka wa 1985, ambazo humpa kila mahali thamani inayobadilika polepole. Thamani ikipita kiwango fulani, jiwe hugeuzwa hewa. Tatizo ni kwamba hesabu hizo hazijui mlango ni nini: mapango mengi huzuka yakiwa yamefungika pande zote, mchezaji asiyafikie kamwe. Wengi hutatua hilo kwa kuongeza mnyoo wa kufikirika, unaoanzia juu ya ardhi na kutafuna jiwe kila upitapo.