Mtoto Abaki kwa Nani?

Wazee husema zamani ndoa zilidumu. Kwa watu wa mwambao, historia haikubaliani nao. Kuanzia Lamu hadi Kilwa talaka ilikuwa sehemu ya maisha ya kawaida: mwanamke aliachwa, akakaa eda, akarudi kwao, na mara nyingi akaolewa tena. Pat Caplan, mtafiti Mwingereza aliyefika kisiwani Mafia mwaka 1965 na kurejea huko kwa miaka mingi, alikuta watu wazima wengi waliokwisha kuoa au kuolewa zaidi ya mara moja. Watoto wa ndoa hizo hawakuwa na nyumba moja tu. Walilala kwa bibi, wakala kwa shangazi, wakapelekwa chuo cha Kurani na mjomba. Tena kulelewa na bibi hakukuwa alama ya msiba, maana hata mtoto ambaye wazazi wake wangali pamoja aliweza kupelekwa kwa nyanya yake akakulia huko.

Nimeyaanza maelezo haya kwa jambo hilo kwa sababu mijadala yetu ya leo juu ya talaka huanza na kuishia kwa wazazi wawili wanaovutana. Mtoto amekuwa na watu wengi zaidi ya hao wawili, na kwa maoni yangu hatima yake baada ya talaka imetegemea sana kama watu hao walibaki karibu naye au waliondoshwa.

Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ililitambua hilo mapema. Haki ya kumlea mtoto mdogo, yaani hadhana, huanza kwa mama. Mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa wa mtoto, haki hiyo humpita ikaenda kwa bibi mzaa mama. Baba hubaki na wajibu wa kulipa matunzo hata kama mtoto halali kwake. Mtoto anapofikia umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miaka 7, huulizwa anataka kukaa na nani. Wanazuoni hutegemea hadithi ya kijana ambaye Mtume alimpa hiari kati ya baba na mama, naye akaushika mkono wa mama yake. Mpango huo haukukosa maumivu. Mama kijana aliyetaka kuolewa tena alijua anaweza kumpoteza mwanawe, na mtoto wa miaka 7 aliyeulizwa mbele ya kadhi alibebeshwa uzito ambao ungemwelemea hata mtu mzima. Lakini bibi alikuwemo kwenye mstari wa sheria yenyewe, kwa nafasi yake maalumu, bila kungoja huruma ya mtu.

Sehemu kubwa ya bara mambo yalipimwa kwa mali. Usukumani, Uhaya, Uchagani na kwingineko ambako ukoo hufuata upande wa baba, mahari ndiyo iliyoamua. Ikiwa imelipwa, watoto walikuwa wa ukoo wa mume. Ndoa ikivunjika, wazee walikaa kuhesabu mali irudi kiasi gani, na idadi ya watoto waliozaliwa ilipunguza kiasi cha kurudishwa. Anayenyonya aliachiwa mama kwa muda, akishakua akadaiwa. Uluguruni, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mwanamke aliondoka na watoto wake na mume akabaki peke yake, huku mjomba akiwa na sauti juu yao kuliko baba. Mtoto wa Kiluguru na mtoto wa Kisukuma wangeweza kupatwa na talaka katika mwaka mmoja, mmoja akampoteza baba, mwingine akampoteza mama, na kila jamii ikaona haki imetendeka. Hadithi za mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula, ambazo wengi tulizisikia jikoni jioni, zilikuwa na mzizi wake hapo: mtoto amebaki kwa baba, mama yake amerudishwa kwao, na hana wa kumtetea.

Watawala wa Kiingereza walikuja na sheria ambayo kwao wenyewe ilikuwa imeanza kubadilika si zamani. Hadi mwaka 1839 mama wa Kiingereza aliyetengana na mumewe hakuwa na haki yoyote juu ya watoto. Mwandishi Caroline Norton, ambaye mumewe alimnyima kuwaona wanawe watatu, alipigania jambo hilo hadi Bunge likapitisha sheria ya kumruhusu mama kuomba malezi ya watoto walio chini ya miaka 7. Umri uleule tena. Mwaka 1925 ndipo sheria ya Uingereza ilipotamka kwamba ustawi wa mtoto utangulizwe katika mashauri ya malezi.

Huku kwetu Tanganyika ukoloni uliacha njia tatu zikienda sambamba: makadhi kwa Waislamu, mahakama za wenyeji kwa mila, na mahakama za serikali kwa waliofunga ndoa za Kikristo au za kiserikali. Kisha mila ikaanza kuandikwa. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alikusanya sheria za Wahaya na za Wasukuma katika vitabu. Kazi yake ina thamani, ila yaliyokuwa mazungumzo ya wazee, yanayoweza kulegezwa kwa ajili ya mtoto fulani mwenye shida fulani, yakawa kifungu. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ilitangaza rasmi mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, na tangazo hilo likamweka mtoto upande wa baba.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na waraka wa serikali wa mwaka 1969 uliojadiliwa nchi nzima, ndiyo iliyogeuza swali. Kifungu cha 125 kilisema jambo la kwanza kuangaliwa ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na mila za jamii vingefuata. Kilichukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo, na kikaonya juu ya ubaya wa kumhamisha mtoto hapa na pale. Wanandoa walitakiwa kwanza kupita kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi huitaja kama kesi ya wanawake. Ni kesi ya watoto vilevile, maana mama anayetoka mikono mitupu hana paa la kuwalaza.

Baadaye vikaja Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitamka kuwa baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Lakini wakati sheria ilipokuwa ikikua, nyumba ilikuwa ikipungua watu. Familia ya Dar es Salaam iliyopanga chumba na sebule haina bibi ukumbini. Wazazi wakiachana, mmoja anahama mtaa, mtoto anahamishwa shule, kipato kinagawanyika, na ndugu wa upande mmoja wanapigwa marufuku kumwona. Mtafiti wa Marekani Mavis Hetherington, aliyefuatilia familia kwa miongo mitatu, alieleza mwaka 2002 kwamba takriban robo ya watoto wa wazazi walioachana walipata matatizo makubwa, ikilinganishwa na mtoto mmoja kati ya 10 kwa wazazi walio pamoja. Hiyo ni tofauti kubwa, na hatuna haki ya kuipuuza. Maana yake pia ni kwamba wengi waliinuka. Tafiti nyingi hukubaliana juu ya kinachoumiza zaidi: ugomvi usiokwisha, umaskini wa ghafla, na mzazi anayetoweka.

Kutoweka siku hizi kunaweza kufichwa na pesa. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, matunzo hufika bila aliyetuma kuonekana. Ni msaada mkubwa kwa akina mama waliokuwa wakizungushwa kwenye ofisi za ustawi wa jamii, nami siudharau. Ila mtoto anayeulizwa na wenzake baba yuko wapi hawezi kuwaonyesha ujumbe wa simu.

Mtoto anahitaji watu walio karibu naye, ndiyo maana kipengele kimoja cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinanigusa kuliko vyote, na nasikitika kwamba watu wachache wanakijua. Ndugu anayemlea mtoto anaweza naye kuomba mahakamani apewe malezi, na ndugu aliyekuwa akimtunza kabla ya amri kutolewa anaweza kuomba nafasi ya kumtembelea. Bibi aliyemwogesha mjukuu tangu uchanga, kisha akaambiwa baada ya talaka asikanyage tena kwa mkwewe, ana mlango wa kugonga. Mabaraza ya usuluhishi na maofisa ustawi wanapoandika taarifa zao, wamuulize mtoto jina la kila mtu anayemkimbilia akiumia, na majina hayo yafike kwa hakimu.