Hotuba za Marais Zilitukalisha Kiti Gani?

Barabara ya Musoma inayopita hapa Buzuruga, Mwanza, ukiifuata kuelekea mashariki, inakupeleka upande wa Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere. Ukigeuza, ukavuka ghuba, unaingia Sengerema, ambako John Magufuli alifundisha kemia na hisabati kabla ya siasa, na mbele zaidi iko Chato. Walimu wawili wa sekondari, marais wawili, na sisi wa Ilemela tumekaa katikati yao. Ndiyo maana hapa stendi mijadala ya hotuba za Ikulu haiishi, na kila konda ni mchambuzi.

Uchambuzi huo una kasoro moja. Tunabishana rais kaahidi nini, tunahesabu kilichotimia na kilichoota mbawa. Hatuulizi hotuba ile ilitukalisha kiti gani, yaani ilituweka katika nafasi gani, sisi tuliokuwa tunaisikiliza. Swali hilo ndilo linalodumu, maana ahadi huzeeka kwa miaka mitano, lakini kiti ulichokalishwa unaweza kukikalia hata rais mwenyewe akishaondoka.

Kwanza tuweke sawa jambo la utaratibu. Hotuba ya siku ya kiapo kwa kawaida ni fupi, nayo huliwa na mizinga, gwaride na wageni. Hotuba yenyewe hasa huja baadaye kidogo, bungeni. Ibara ya 91 ya Katiba ya 1977 inamtaka Rais alihutubie Bunge jipya na kulifungua rasmi. Pale ndipo mwelekeo wa miaka mitano unaposemwa, na pale ndipo lugha inapopimwa.

Desturi hiyo ina mizizi kwa Nyerere. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, alihutubia Bunge kesho yake, kwa Kiswahili, kitu ambacho siku hizo hakikuwa cha kawaida katika ukumbi ule. Humo ndimo alimotangaza kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Angeweza kuisoma kama tangazo la serikali na kupita. Badala yake aliwahesabia wabunge ngoma: rumba, chachacha, twist, waltz, zote wanazijua. Kisha akawauliza ni wangapi kati yao wanaijua Gombe Sugu, au Mangala, au Lele Mama. Angalia alivyojiingiza mwenyewe. Hakusema ninyi mmepotea. Alisema wengi wetu. Aibu ile aliigawa sawa kwa sawa, naye akachukua fungu lake, akiwa amesoma Makerere na Edinburgh. Hapo msikilizaji yuko benchi moja na msemaji.

Katika hotuba hiyohiyo aliwaomba watu waishi pamoja vijijini, ili waweze kutumia matrekta na kupata huduma. Alibembeleza, akaeleza faida. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na kufikia 1974 familia zilikuwa zinahamishwa kwa malori, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Nani angemlaumu mkulima aliyesikia "sisi" ya 1962 na kuiamini? Maneno mazuri kuliko yote katika historia yetu ya hotuba hayakuweza kujilinda dhidi ya mwenye kuyasema.

Ali Hassan Mwinyi aliapishwa 5 Novemba 1985, wakati Tanzania Bara haina televisheni na Redio Tanzania ndiyo sikio la kila mtu. Alikuja na fagio la chuma, la kuwafagia wazembe na wala rushwa serikalini. Fagio lile leo linakumbukwa na wazee wachache. Jina lililobaki ni Mzee Ruksa, kwa sababu baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni, watu walitaka kuruhusiwa kuliko walivyotaka kufagiliwa. Msikilizaji alijichagulia kiti mwenyewe, cha mteja dukani. Benjamin Mkapa, mwaka 1995, alikuja na ukweli na uwazi, akatangaza mali zake hadharani, na mapema 1996 akaunda tume ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza rushwa. Hotuba zake zilikuwa za mhariri wa zamani, sentensi zimenyooka, hazina pa kushikia. Stendi haiimbi sentensi zilizonyooka.

Jakaya Kikwete, alipohutubia Bunge tarehe 30 Desemba 2005, alifanya jambo ambalo wengi wamelisahau: aliutaja waziwazi mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar na kukiri kwamba unamsononesha. Miaka ile kukiri tu kwamba nyumba ina ufa kulihitaji moyo. Wazanzibari walipokuja kupatana, Novemba 2009, na kupiga kura ya maoni Julai 2010, ule mlango ulikwishafunguliwa kwa maneno. Lakini muulize mtu yeyote pale kwenye meza za magazeti, atakutajia ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya, akicheka.

  

Sasa tuje kwa Magufuli, maana kwake ndiko kwenye nyama. Aliapishwa Uwanja wa Uhuru tarehe 5 Novemba 2015, akasema machache. Kesho yake akatoka Ikulu kwa miguu mpaka Hazina, akakuta viti vitupu. Siku chache baadaye akatokea Muhimbili, akavunja bodi ya hospitali. Kwa hiyo alipoingia Bungeni Dodoma tarehe 20 Novemba, utangulizi wa hotuba ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa miguu. Huo ndio ulikuwa ufundi wake mkubwa: vitendo kwanza, maneno baadaye, ili kila neno lionekane ni ripoti wala si ahadi. Wabunge wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, walizomea na kutoka nje kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa. Yeye akaendelea.

Alianza na orodha ya kero alizozisikia kwenye kampeni: bandari, kodi, ardhi, maji, umeme, hospitali, polisi. Ndefu, na kwa makusudi. Mtu wa Buzuruga aliyekatiwa umeme au kudaiwa chai ya ofisini alisubiri ya kwake itajwe, na ikatajwa. Kisha zikaja takwimu. Safari za nje za watumishi wa umma katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, zilikuwa zimegharimu shilingi bilioni 356.3. Mwalimu wa hisabati hakuiacha namba hiyo ining'inie. Aliivunjavunja: tiketi kiasi gani, posho kiasi gani, halafu akauliza fedha hizo zingejenga lami kiasi gani, zahanati ngapi, madawati mangapi. Bilioni huwa haina sura kwa mtu anayeuza dagaa kwa kisado. Dawati analijua, mwanawe analikosa.

Baada ya hapo likaja jipu. Alisema rushwa na ufisadi ni jipu, kulitumbua kunauma, lakini hakuna namna nyingine. Kabla mwaka haujaisha, kutumbua kulikuwa kumehamia mtaani. Abiria aliyeshushwa kwa kukosa nauli katumbuliwa. Kijana aliyeachwa na mchumba katumbuliwa. Mkurugenzi aliyesimamishwa kazi jukwaani, mbele ya kamera, katumbuliwa, na watu wanashangilia.

Tazama jipu linavyowagawa watu. Yupo daktari mmoja, mwenye sindano. Lipo jipu, ambalo halina haki ya kujitetea, maana nani amewahi kuuliza usaha kama una shahidi? Wengine wote ni ndugu wa mgonjwa waliosimama kando ya kitanda, wakipiga makofi. Kiti kile kilitufurahisha sana. Desemba 2016 alipoamuru wamachinga wa Mwanza waliokuwa wanafukuzwa mjini waachwe, daktari alikuwa upande wetu. Tatizo la kiti cha ndugu wa mgonjwa ni kwamba hakina sauti siku daktari anapokosea kidonda, na miaka ile magazeti yaliyofungiwa na wanasiasa waliokamatwa walilijua hilo mapema kuliko sisi.

Alifariki 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam. Hotuba yake ilikuwa fupi na, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote za siku ya kiapo: aliwataka watu waache kunyoosheana vidole, washikane mikono. Mwenye kidole na mwenye mkono ni mtu yuleyule, kwa hiyo kazi iligawiwa kwa kila msikilizaji. Baadaye ikaja kaulimbiu ya kazi iendelee, na huku kwetu ushahidi wake ni Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililoanzwa na mmoja na kufunguliwa na mwingine tarehe 19 Juni 2025.

Kiapo cha Samia cha 3 Novemba 2025 kilifanyika Dodoma, kwenye uwanja wa gwaride wa jeshi, bila umati wa wananchi, siku chache baada ya uchaguzi uliogubikwa na vurugu na vifo na kuzimwa kwa intaneti. Buzuruga ilirudi kuwa kama 1985, kusikiliza chombo cha taifa. Tarehe 14 Novemba alifungua Bunge, akatoa pole kwa waliofiwa, akatangaza tume ya uchunguzi. Kuhusu vijana waliokamatwa alizungumza kama mama na mlezi, akaomba waliofuata mkumbo wahurumiwe. Pole ilihitajika, na huruma haina ubaya. Lakini dereva wa bodaboda wa miaka 25, mwenye leseni, mke na watoto wawili, alijisikia akikalishwa kiti cha mtoto aliyeburutwa na wenzake. Huenda yupo aliyefuata mkumbo kweli. Yupo pia aliyekuwa na hoja, na hotuba ile haikumwekea kiti.

Kwa kalenda ya Katiba, Bunge jipya litafunguliwa tena baada ya uchaguzi wa 2030.